Mkono wa Kushoto wa Papa Safi

Puu. Kimya. Puu. Kimya.

Niliusikia mlio huo kabla sijaona chochote. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umelalia uwanja wetu wa Castle Vale, Birmingham, mpaka milingoti ya goli ikapotea, nami nilisimama langoni na begi langu jipya, nikidhani kuna mtu anapiga godoro kwa fimbo. Nikaufuata mlio. Kwanza niliona mvuke wa pumzi. Kisha nikaona chuma, ile mashine yenye mto mzito mbele ambayo unaivamia kwa bega mpaka iteleze kwenye nyasi. Mwisho nikamwona mtu mwenyewe, mfupi, mpana, kipara kinang'aa kwa jasho, akirudi nyuma hatua tatu na kuivamia tena. Puu.

Hakugeuka. Aliniuliza tu, "Ni weye ule mutoto anakuya kuchukua kazi yangu?"

"Ndiyo," nilijibu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikujua namna nyingine ya kujibu.

"Bien. Umechelewa. Weka sac chini."

Vijana wangu, mmeniuliza mara nyingi kwa nini kila mazoezi nawapanga mstari kabla hamjavaa helmeti, nikawasalimia mmoja mmoja kwa mkono wa kulia, halafu nikawasalimia tena kwa wa kushoto na kuwaambia mnibane kwa nguvu zote. Mama wa mmoja wenu alinipigia simu amekasirika. Kwao, alisema, mtu hamnyooshei mwenzake mkono wa kushoto, na hakuhangaika kulea mtoto ugenini ili aje afundishwe dharau na mtu mzima. Nilimwomba radhi, kisha Jumamosi iliyofuata nikawasalimia vilevile. Nitaendelea hivyo mpaka magoti yangu yakatae kunileta uwanjani. Hii hapa sababu. Naiandika kwa kuwa uwanjani hamjawahi kuniacha nimalize sentensi.

Kwanza kazi yenyewe. Kiingereza kina jina lake, running back, lakini siku nilipojaribu kumweleza mama yangu, jikoni kwetu Stechford, alinisikiliza huku akimenya viazi hadi nikamaliza. Nilimwambia kwamba katika mpira wa Kimarekani kuna mtu anayesimama nyuma ya wenzake, anapewa mpira mkononi, anaukumbatia na kukimbia nao kwenda mbele, na watu kumi na mmoja wa upande wa pili kazi yao ni kumwangusha.

"Kwa hivyo wewe ni mchukuzi," alisema.

"Sio mchukuzi, Mum."

"Unapewa mzigo huku, unaupeleka kule, na watu wanakugonga njiani. Mimi nimefanya kazi sokoni Bungoma. Huyo ni mchukuzi."

Jina likabaki. Nimekuwa mchukuzi kwa misimu tisa, nikalipwa kwa uchukuzi, na leo nikipanda ngazi za stesheni ya Stechford goti la kulia hulia kama mlango wa kabati. Silalamiki. Nawaambia ili mjue kwamba kazi hii haina wazee. Mtu wa miaka thelathini anaitwa mzee mbele ya watu, naye anaitika.

Papa Safi, yule mtu wa mashine, alikuwa na thelathini na minne. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine, lakini Wakongo humwita mtu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wa kwake alikuwa Safi, msichana wa miaka minane mwenye meno mawili yaliyong'oka. Alizaliwa Uvira, akapitia kambini, akafika Birmingham akiwa kijana asiyejua Kiingereza, na mtu fulani alipomwona anavyokimbilia basi Stratford Road akamwambia aje uwanjani. Hivyo ndivyo alivyoingia. Kwa miaka kumi alicheza bure. Mchana alipakia malori ghalani, jioni alivaa mabega ya plastiki na kugongana na watu, kisha akarudi Sparkbrook kwa mkewe na watoto watatu, akiwa na matope masikioni.

Msimu niliofika mimi, klabu ilikuwa imepata wafadhili na kwa mara ya kwanza ingelipa wachezaji mishahara. Kochi Barry, mzaliwa wa mji huu anayesema kama ana pipi mdomoni, alituita wote akatueleza bila kuzunguka. Mkataba wa mchukuzi ulikuwa mmoja, na wachukuzi tulikuwa wawili. Tungefanya mazoezi wiki sita, na Ijumaa ya wiki ya sita jina moja lingebaki.

Kwa Papa Safi ilikuwa hiyo au basi, kwa umri ule hakukuwa na msimu mwingine wa kungoja. Kwangu pia mlango ulikuwa mwembamba. Nilikuwa nimesimamisha kozi ya uuguzi, na mama, anayehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia watu, alinipa msimu mmoja tu. Nikikosa mkataba, narudi darasani, na habari ya mpira isitajwe tena mezani kwake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo sijalielewa vizuri. Mtu yule alinifundisha kila kitu.

Alinifundisha macho. "Petit, unaangaliaka kule unaenda," aliniambia siku ya pili; petit ni "mdogo", na ndilo jina alilonipa. "Macho yako inasema mbele ya miguu. Balinzi banakusoma kama gazeti." Akanifunga kitambaa usoni, akanifanya nipokee mpira na kupiga hatua tatu za kwanza kipofu, mara mia, hadi miguu ilipojua njia bila kuuliza.

Alinifundisha visigino. Ukitaka kujua mlinzi anakwenda wapi, usimwangalie mabega, mabega hudanganya. Tazama kisigino. Kilichoinuka kimeshaamua.

Alinifundisha pipa. Nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na pipa la taka la manispaa, lile la kijani lenye magurudumu, lililosafishwa na kujazwa maji na barafu. Baada ya mazoezi unaingia humo mpaka kifuani, unakaa mpaka meno yaache kugongana. Papa Safi alikuwa akiimba nyimbo za kwaya humo ndani, sauti nzito, kichwa tu ndicho kinaonekana, na mpita njia mmoja aliyekuwa na mbwa aliwahi kusimama uani, akatazama, akaondoka haraka.

Na alinifundisha kubeba. Vidole viwili vimekumbatia ncha ya mbele. Ncha ya nyuma imezama kwenye kiwiko. Kiwiko kimebana mbavu. Na mpira ukae mkono wa nje siku zote, yaani upande ulio mbali na walinzi. Ukikimbilia kulia, uwe mkono wa kulia. Ukikimbilia kushoto, uhamishe mkono wa kushoto. "Haiko begi ya soko," alikuwa akisema. "Iko mutoto. Mutoto unamubebaka upande wa gari zinapita?"

Mimi wiki ya tatu nilimbeba mtoto upande wa magari. Nilikimbilia kushoto, mpira mkono wa kulia, mlinzi akaja na ngumi, mpira ukaruka, ukadunda kwa ule mdundo wake wa kilevi na kuangukia mikononi mwa wapinzani. Kochi Barry hakupiga kelele. Aliuchukua, akaandika jina langu juu yake kwa kalamu nene, akanirudishia.

Kwenye klabu yetu adhabu ilikuwa hiyo, na mnajua bado ipo. Mwenye kuangusha mpira anatembea nao siku saba. Analala nao, anakula nao, anapanda nao basi. Mwenzake yeyote ana ruhusa ya kumvamia popote na kuupiga utoke. Ukianguka, siku zinaanza upya.

Basi nikatembea nao. Niliingia nao kwa kinyozi. Nilinunua nao sukuma wiki Ladypool Road, na muuza mboga akataka kuupima kwenye mizani. Lakini Jumapili ndiyo ilinimaliza. Kanisa letu lilikutana katika ukumbi wa shule, Wakenya na Wakongo pamoja, na wakati wa matangazo Papa Safi alisimama, akakohoa, akashika Biblia kifuani.

"Wapendwa katika Bwana," alisema, "huyu ndugu yetu Wafula iko na mupira. Asiangushe. Kila mutu anaweza kumusaidia kwa kumupiga. Amina."

"Amina!" kanisa zima likaitika.

Sijawahi kupigwa vile na watu waliookoka. Mama wa kwaya alinivizia wakati wa sadaka. Mzee wa kanisa, mtu mstaarabu mwenye tai, alinipiga kiwiko nikiwa nimefumba macho kwa maombi. Watoto walinizunguka kama siafu, na Safi, ambaye alisikia Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza cha Birmingham, alinieleza kwa uvumilivu kwamba baba yake amesema mimi huangusha kila kitu. Mama yangu alikuwa amekaa mstari wa mbele akijifanya hanijui.

Baada ya ibada tukanywa chai. Nilikuwa nikicheka na mtu, mpira umelegea kwapani, na Papa Safi akaja kutoka nyuma. Mkono wa kulia ulikuwa na kikombe, kwa hiyo alipiga kwa wa kushoto. Nilimwona nikiwa nimeshachelewa. Mpira ule ulipaswa kuruka mpaka jukwaani.

Haukutikisika. Ngumi yake ilitua kama mguu wa paka.

Tuliangaliana. Kisha akacheka kwa nguvu, akasema nimeanza kuwa mwanaume, na ili aniguse bega akahamisha kikombe mkono wa kushoto. Kikombe kikapita katikati ya vidole vyake, kikavunjika sakafuni.

"Chai iko moto," alisema.

Niliinama na leso yangu kufuta. Chai ilikuwa imepoa kabisa.

Tangu siku hiyo nilianza kuona, na ukishaanza kuona huwezi kujizuia. Mazoezini, akikimbilia kushoto, mpira ulibaki mkono wa kulia. Mtu aliyenifundisha kubeba alikuwa akibeba vibaya, naye Kochi Barry akimpigia kelele mpaka pipi ikamtoka mdomoni. Papa Safi alijifanya hasikii. Alifunga helmeti kwa mkono mmoja. Alipogongwa upande wa shingo, mkono wa kushoto ulining'inia kidogo, halafu akautikisa, kama mtu anayekung'uta maji, na kurudi kwenye nafasi yake.

Sikusema kitu. Nataka mjue hilo kwa sababu mnaniona mtu mkali anayewasumbua na maswali ya afya. Wiki mbili nilinyamaza, na ukimya wangu ulikuwa na sababu nzuri sana. Nikisema, nafasi ni yangu, na kila mtu atajua nimeipataje. Nikinyamaza, mimi ni rafiki. Ukimya ulinipendeza, nikauvaa kama koti.

Jumatatu ya wiki ya sita alipigwa kweli. Alikuwa amemzuia mlinzi asimfikie mrusha mpira, kwa sababu mchukuzi asipokuwa na mpira kazi yake ni kuwa ngao, na kichwa kikasukumwa upande mmoja, bega upande mwingine. Alianguka kifudifudi. Akakaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi mara tano au sita. Kisha akainuka, akanikonyeza, akatoka akitembea.

Daktari wa timu, mwanamke mpole mwenye daftari, alimuuliza, naye Papa Safi akamwambia ni sawa. Ndipo akaja kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi. Aliniuliza nimeona nini.

"Sijaona kitu," nilimwambia.

Nimeangusha mipira katika maisha yangu. Watu wameniona kwenye runinga nikiangusha. Hakuna niliouangusha vibaya kama huo.

Siku hiyo hiyo, nikielekea kituo cha basi, niliwaona kwenye maegesho ya magari. Mama Safi alikuwa kwenye usukani. Papa Safi amekaa mlango wa nyuma, miguu nje, na Safi amepiga magoti kwenye lami mbele yake, ulimi umetoka kwa bidii, anamfunga baba yake kamba za viatu. Alipomaliza cha kulia akafunga cha kushoto. Baba alimwangalia utosini. Hakuna aliyesema kitu, kwa hiyo nikajua haikuwa mara ya kwanza.

Nilimkuta mama anajiandaa kwenda kazini, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama mlangoni na mpira wangu kwapani. Aliacha kufunga vifungo.

"Ganzi inakuja na kuondoka?"

"Ndiyo."

"Hiyo ni shingo, Wafula. Tuko na mzee pale kazini aliangukia shingo. Mimi ndiye namlisha uji. Alikuwa fundi wa paa, mikono kama koleo." Akanitazama. "Umeambia nani?"

"Sijaambia mtu. Mum, nikisema watasema nimemchongea ndio nipate kazi."

"Na hiyo kazi unaitaka?"

Nilitaka kusema kitu kirefu. "Naitaka."

"Sana?"

"Sana."

"Basi itake hivyo hivyo, na uende useme. Kwani ukiitaka ndio shingo yake inapona?"

Alichukua koti lake akatoka. Nilibaki nimekaa ngazini. Nilikuwa nimengoja moyo wangu uwe safi kwanza ndipo niseme, na mama alikuwa ameniambia kwamba shingo ya mtu haiwezi kungoja moyo wangu.

Kesho yake baada ya mazoezi nilimfuata Papa Safi kwenye kontena la vifaa. Alikuwa akipanga koni, moja moja, kwa mkono wa kulia.

"Kaka, nenda kwa daktari," nilisema. "Mwambie kuhusu mkono."

Aliendelea kupanga. "Mukono gani?"

"Nimeona kikombe. Nimeona Safi anakufunga viatu."

Hapo akasimama. Kontena lilikuwa dogo na yeye alikuwa mpana, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwogopa.

"Donc ni ivi," alisema taratibu. "Nilikupatia macho. Nilikupatia miguu. Sasa unataka na kazi. Imebaki siku tatu, petit. Siku tatu! Hauwezi kunishinda uwanjani?"

"Naweza nisikushinde. Ndiyo maana nakwambia leo."

"Haiko kitu. Inalala, inaamuka."

"Na siku itakayolala isiamke? Na miguu nayo ilale?"

"Nani alikutuma? Barry?"

"Hakuna. Kaka, mpaka kesho saa nne asubuhi. Usipoenda, naenda mimi."

Alinitukana kwa Kifuliru, lugha ya kwao, ambayo siijui lakini nilielewa. Nje mtu alikuwa akiburuta mashine ya kusukuma.

"Miaka kumi," alisema. "Bure. Sasa banalipa. Safi anaambiaka batu shuleni, papa wangu ni professionnel."

Nikamwambia neno la kijinga. Nikamwambia kama ni hivyo nitatoa jina langu, tukose wote, nirudi kwenye uuguzi, lakini kwa daktari lazima aende.

"Ukitoa jina yako," alisema, "nitakuchapa na ule mukono uko muzima. Niko naapa."

Akanipita akatoka.

Hatukuzungumza tena kwa misimu miwili baada ya wiki ile. Hilo nalo mlijue, msidhani ukisema kweli watu watakuletea keki. Kanisani alikaa upande mwingine. Wachezaji wenzangu wengine, walioamini nimemchongea, waliniita jina ambalo siwezi kuliandika, na nilipokuwa nikikimbia na mpira msimu wa kwanza, kila mara nilipofanya vizuri nilisikia wanavyonyamaza. Nilikimbia hivyo hivyo. Mlinzi akikosa kukuangusha mara ya kwanza, miguu iendelee kukanyaga. Alinifundisha yeye hilo. Alifanyiwa upasuaji wa shingo, mkono ukarudi nusu, na nusu hiyo inatosha kufunga kamba za viatu. Leo anaendesha basi na hunipigia honi akinipita.

Lakini nilikuwa nawaeleza kuhusu Jumatano ile.

Saa tatu na nusu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, mpira wa adhabu mapajani. Tangu wiki ya tatu siku zangu zilikuwa zimeanza upya mara mbili, lakini hii ilikuwa ya saba bila kuuangusha. Wenzetu walikuwa wakivaa. Papa Safi hakuwepo. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale uliokuwa ukiruka badala ya kutembea, nikauhesabu. Ilipobaki dakika tano nikainuka ili niende mimi. Nilipofungua mlango nikamwona mwisho wa ukumbi, amevaa suruali ya kanisani na viatu vilivyofungwa vizuri, anaingia chumba cha daktari. Mlango wa daktari ukafungwa. Nikarudi kukaa.

Alikaa huko muda mrefu. Tulimsikia Kochi Barry akiingia pia, na baadaye tukasikia sauti ya Kochi peke yake, ya chini, bila pipi. Mazoezi yalichelewa.

Papa Safi alipokuja kwetu hakuvaa sura yoyote. Alikwenda kwenye kabati lake. Alitoa helmeti, akaiweka benchini. Akatoa viatu vya njumu, akavigonganisha matope yadondoke, akaviweka ndani ya mfuko wa plastiki wa duka. Akatoa picha iliyochorwa na Safi, mtu mpana mwenye mpira mkubwa kuliko kichwa, akaikunja mara mbili. Chumba kizima kilikuwa kinatazama sakafu. Wachezaji wa ukuta, wale wazuiaji wa mstari wa mbele, watu wa kilo mia na arobaini, hawakujua pa kuweka mikono yao.

Alikuja akasimama mbele yangu. Nikainuka, mpira kifuani, vidole viwili kwenye ncha, kiwiko kimebana mbavu. Nilidhani ataupiga. Ningemwacha.

Akaninyooshea mkono wa kushoto.

Niliutazama. Kwetu ni tusi, na kwao pia ni tusi, na watu waliokuwa mle ndani, hata Waingereza, walihisi kwamba kuna jambo. Nikahamisha mpira upande wa pili, nikaupokea mkono wake kwa wa kwangu wa kushoto. Ulikuwa wa baridi na laini kuliko nilivyotarajia.

Sikuhisi kitu.

"Bana," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Niko nabana," alisema.

Shingo yake ilikuwa imekaza, mshipa umetoka kwenye paji, jasho limeanza juu ya mdomo. Alikuwa akinibana kwa nguvu zake zote, na kiganjani mwangu palikuwa kama pana leso. Tulisimama hivyo. Aliona usoni mwangu kwamba nimejua, nami nikaona kwamba alikuja mpaka pale ili nijue.

"Mukono wa inje," alisema, akiutazama mpira. "Siku zote."

"Siku zote, kaka."

Akaniachia. Alibeba mfuko wake kwa mkono wa kulia akaenda mlangoni. Mlango ule mnaufahamu, ni mzito, kitasa chake kigumu, na ukiwa nje lazima uuvute kwa nguvu ndipo ufungike. Angeweza kuweka mfuko chini. Hakuuweka. Alitoka, akakishika kitasa kwa mkono wa kushoto, akauvuta mlango, vidole vikateleza, mlango ukarudi ndani na kumwacha amesimama palepale tumuone. Mtu mmoja wa ukuta akataka kuinuka, nikamshika bega akae. Akavuta mara ya pili. Vikateleza tena. Akavipanga vidole kwenye kitasa kimoja kimoja, kama alivyonipangia vyangu kwenye mpira siku za mwanzo, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na mlango ukafungwa.